Mchanga Usio na Mwenyewe

Katika miaka yake yote ya kazi, Inspekta alikuwa ameshughulikia mchanga ulioibwa mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Mchanga huibwa kwa ndoo, huibwa kwa mkokoteni, na wakati mwingine huibwa lori zima mlinzi akiwa kibandani anakoroma. Lakini mchanga ulioletwa, ukamwagwa, na asijitokeze mtu wa kudai hata asante, huo hakuwahi kuuona. Ndiyo maana faili lilikuwa bado mikononi mwake wakati Mkuu wa Kituo alitaka liwe limeshafungwa.

Mkuu alikuwa amesema wazi asubuhi ile. Mjane amebadilisha ramani ya nyumba kwa akili zake mwenyewe. Ameziba mlango wa nyuma kwa matofali. Ukuta umeanguka, fundi wake yuko hospitali, nyonga imevunjika na hajazinduka. Hapo pana upelelezi gani? Jioni faili liende kwa mwendesha mashtaka, mama alale ndani, na manispaa wabomoe kilichobaki.

"Basi mpaka jioni faili bado ni langu," Inspekta alijibu, akachukua kofia yake mezani na kutoka.

Mjane mwenyewe, Inspekta na Koplo wake walimkuta saiti. Watu wote walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokuwa shule ya bweni. Alikuwa amekaa juu ya matofali katikati ya kile ambacho kingekuwa sebule yake. Ukutani nyuma yake manispaa walikuwa wamechora alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu, naye juu ya alama hiyo alikuwa ametundika gauni lake la kazi likauke.

"Uliambiwa uondoke, mama," alisema Koplo.

"Niliambiwa. Nikasikia. Masikio yangu hayana shida."

"Sasa?"

"Sasa nimekaa."

Koplo alimtazama Inspekta aone kama hapo pana pa kukasirika. Hakuona dalili. Koplo alikuwa amemaliza kujenga vyumba vyake viwili hivi karibuni, na tangu hapo kila jambo la ujenzi lilimkuta analijua tayari. Inspekta alimleta kwa sababu hiyo, ingawa hakumwambia, maana angevimba kichwa.

Walizunguka nyuma. Chumba kilichoanguka kilitazama uchochoro mwembamba, unaotosha lori moja likirudi kinyumenyume na dereva akiomba dua. Pale mlango ulipozibwa palikuwa na pengo, na katika pengo hilo ulilala mchanga, nusu uchochoroni, nusu chumbani, mwekundu na laini. Inspekta aliteka kidogo, akausugua vidoleni. Kisha akaenda mbele ya kiwanja, akafunua turubai na kuteka kwenye rundo jingine. Huo ulikuwa mweusi wenye chenga.

"Mbele ni wa kujengea," alisema Koplo. "Huu wa nyuma ni wa plasta."

"Nyumba hii ina paa?"

"Haina hata mbao."

"Wewe ulileta mchanga wa plasta kabla ya kupaua?"

"Afande! Ili mvua iubebe? Ningekuwa mwendawazimu."

"Basi aliyeuleta hakujali utatumika lini. Alitaka uwepo tu."

Akavua koti, akashika chepe la saiti, akaanza kuchimba ndani ya chumba. Koplo aliomba amsaidie, akakataliwa. Matofali yalikuwa chini, mchanga juu yake. Upande wa uchochoroni mistari miwili ya chini ya ukuta ilikuwa bado imesimama, imeinama kuelekea ndani, na mchanga umeikandamiza. Inspekta alijifuta jasho.

"Mkuu anasema ukuta ulijiangukia, na mchanga ulikuwepo tu siku zote. Mimi jana nilizungumza na muuguzi. Alimtoa fundi mchanga mdomoni na masikioni. Mwekundu. Fundi aliangukiwa na vyote kwa pamoja, Koplo. Ukuta huu umesukumwa na lori la mchanga."

Walirudi sebuleni. Mama Pacha hakuwa amesogea.

"Mchanga wa nyuma ni wa nani?" Inspekta aliuliza.

"Hilo swali nimeulizwa mpaka nimelichoka. Sijui. Sikuuagiza. Nikisema hivyo mnanicheka, mnasema nani anamwagiwa lori la mchanga bure?"

"Mimi sijacheka. Mlango wa nyuma uliuziba kwa nini?"

Mama Pacha aliangalia uchochoroni kwa jicho baya.

"Uchochoro huo unatokea kwa shemeji yangu. Ramani ilichorwa marehemu akiwa hai, ndugu wakataka mlango wa kupitia, sawa. Marehemu akaondoka. Shemeji akawa anaingia kwa mlango ambao hauna hata mlango. Namkuta chumba cha wanangu, anapima kwa hatua zake. Moja, mbili, tatu. Nikamwambia asikanyage tena hapa. Nikamwambia fundi, ziba. Fundi wa kwanza akakataa, nikamfukuza. Fundi Timazi akaziba."

Fundi Timazi ndiye aliyelala hospitali. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakuamini ukuta wowote, hata wa nyumba ya ibada, mpaka autundikie timazi yake na kuona kamba imesimama sawa. Alfajiri ukuta ulipoanguka alikuwa amekuja mapema kumwagilia ukuta kabla ya jua, kama anavyofanya fundi yeyote anayeheshimu saruji.

"Shemeji aliwahi kukuletea vifaa?"

"Saruji, nikairudisha. Nondo, nikazirudisha. Mkokoteni uliozileta ndio uliozirudisha, tena nikausukuma mwenyewe mpaka kona."

"Msaada ni msaada, mama," Koplo aliingilia.

"Kwenye ukoo ule, mwanangu, anayeleta tofali anadai chumba. Dada yao mkubwa alipokea bati kutoka kwa kaka yake. Leo kaka anaishi humo na watoto wake wote, na dada wa watu anaomba ruhusa ya kukaa barazani. Mimi nitaezeka na makuti kabla sijapokea bati la mtu."

Inspekta alivaa koti lake. Kutoka hapo kazi ilikuwa ya kutazama chini. Alama za lori zilikuwa bado zipo, zimekauka kwenye udongo wa uchochoro: tairi za nyuma zilikuwa mbili upande wa kushoto, na moja tu upande wa kulia. Mwenye lori alikuwa anatembea na pengo, kama watu wengi wenye malori makuukuu.

Kwenye kituo cha malori hawakutafuta sana. Tipa lenye pengo la tairi lilikuwa limeegeshwa mwisho kabisa, nyuma ya mengine, na ndani ya bodi yake kulibaki mchanga mwekundu pembeni. Miguu miwili ilichomoza chini ya injini.

"Toka," alisema Inspekta.

"Natengeneza gari, afande."

"Umejuaje ni afande?"

Miguu ilijivuta ndani kidogo.

"Gari lina ubovu gani?"

"Bado sijaujua."

Dereva alitoka taratibu. Mikono yake haikuwa na hata doa la grisi. Alikuwa mtu mzima, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na Inspekta hakuhitaji kumkaripia. Alimwambia tu kwamba fundi yuko hai. Dereva alikaa chini palepale vumbini, akajifunika uso.

"Mimi nilijua nimeua," alisema. "Silali nyumbani. Mke wangu ataniuliza mbona siongei."

"Ongea na mimi."

"Nilipigiwa simu. Sauti ya mwanamume. Akasema nipeleke mchanga wa plasta kwa yule mjane, nipite uchochoroni, kuna mlango wa nyuma. Nimwage mlangoni hapohapo, uingie ndani kidogo. Na niwahi, kabla mwenyewe hajafika."

"Alisema hivyo? Kabla mwenyewe hajafika?"

"Alirudia mara mbili."

"Ukaukuta huo mlango?"

"Nikakuta ukuta. Lakini kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, na alama ya mlango ilionekana, matofali mapya katikati. Nikapiga simu, haikupokelewa. Utingo wangu akasema bosi, tuondoke. Nikasema maelekezo ni maelekezo. Nikanyanyua bodi. Nikasikia kishindo, nikadhani ni mchanga. Halafu nikasikia mtu. Nikakimbia, afande. Namba ile tangu siku hiyo haipatikani."

Koplo aliijaribu. Haikupatikana. Alimvuta Inspekta pembeni huku akijikuna shingo kwa furaha.

"Kesi imekwisha. Mkosaji huyu hapa."

"Huyu ndiye aliyemwaga, na atalijibu hilo. Aliyemtuma yuko wapi? Fikiri, Koplo. Mama Pacha alijua mlango umezibwa. Fundi Timazi aliuziba kwa mikono yake. Lakini aliyepiga simu alidhani mlango uko wazi. Natafuta mtu mwenye ramani ya zamani kichwani."

Koplo aliwaza, kisha akapiga kofi paja lake. "Fundi Mdomo! Yule aliyefukuzwa. Alitangaza mtaa mzima kwamba ukuta ule utawaangukia."

Lilikuwa wazo zuri, na Inspekta alilifuata kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha wazo zuri njiani eti kwa kuwa si lake. Dereva walimpakia nyuma ya gari. Fundi Mdomo walimkuta kwenye ujenzi mwingine, juu ya jukwaa la mbao, akijenga huku akisimulia. Jina lake hakulipata kwa kuonewa.

"Shuka," Koplo alimwamuru. "Ulisema ukuta wa Mama Pacha utaanguka. Ulijuaje?"

"Kwani ulisimama?" Mdomo alijibu akiwa bado juu. "Nilisema, nikarudia, na leo nasema tena. Mlango haubadilishwi kama shati! Mimi najenga kilichochorwa. Nikamwambia yule mama, tofali la kuziba mlango huu halitoki mkononi mwangu. Akaniambia basi mkono wako utoke kiwanjani kwangu. Mbele ya vibarua!" Maneno yale yalikuwa bado yanamuuma, ilionekana. "Mwanamke yule ana ulimi."

"Kwa hiyo ulijua mlango unazibwa," alisema Inspekta.

"Nisijue mimi? Afande, mlango huo ndio ulionimwagia kitumbua mchanga!"

Koplo alitazama viatu vyake. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya kuzibwa mlango hawezi kumtuma dereva kwenye mlango huohuo akidhani uko wazi.

"Nani mwingine alikuwa akija saiti na ramani?" Inspekta aliuliza.

"Shemeji mtu. Alikuwa na nakala yake, anaishika kama cheti cha ndoa. Lakini yeye alipigwa marufuku kabla yangu. Tulikuwa bado tunajenga kuta za mbele mama alipomtimua. Hata huo ugomvi wa mlango hakuukuta."

Inspekta alimshukuru. Garini alifungua faili, akasoma tena maelezo ya shemeji, yaliyoandikwa kituoni siku ile ile ukuta ulipoanguka. Aliyasoma kwa sauti ili Koplo asikie: *Nilimwonya shemeji yangu asiuzibe mlango wa nyuma. Hakunisikiliza.*

"Huyo sasa si wetu," Koplo alinung'unika. "Kama alimwonya, alijua."

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Amejitoa vizuri sana. Mpigie simu aje saiti. Mwambie ni habari za kiwanja."

Shemeji alikuja upesi kama aliyeitwa kwenye mgao. Alikuwa na duka la magodoro, na alikuwa na mwendo wa mtu aliyezoea kukaa juu ya vitu laini. Nakala ya ramani ilikuwa kwapani, imefungwa kwa mpira. Dereva alikuwa ndani ya gari la polisi, nje, vioo vimefungwa.

"Shemeji, pole," alimwambia Mama Pacha.

"Pole ya nini? Mimi siumwi."

"Unaona, afande? Ndivyo alivyo. Haambiliki." Akakunjua ramani juu ya matofali. "Mlango huu hapa. Umechorwa na mtaalamu. Yeye akaona anajua zaidi. Mimi nasema kiwanja kirudi kwenye ukoo, tumalizie kwa utaratibu, watoto wakae."

"Ulimwonya asiuzibe," alisema Inspekta.

"Nilimwonya."

"Muongo," alisema Mama Pacha. Inspekta alimwinulia mkono anyamaze, na kwa mara ya kwanza siku ile mama yule alitii jambo.

"Kwa hiyo ulijua kwamba umezibwa."

"Nilijua."

"Koplo, andika. Ulijua vizuri?"

"Nilijua vizuri sana, na iliniuma."

"Ulijua kwamba matofali yale ni mabichi, hata hayajashika?"

"Hata mtoto angejua."

"Nakushukuru. Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mtu alimtuma dereva wa tipa amwage mchanga kwenye mlango ule, alfajiri, kabla mwenye nyumba hajafika. Dereva tunaye. Kama mtu huyo hakujua mlango umezibwa, hilo ni kosa, lakini ni kosa la uzembe. Kama alijua, na akajua ukuta ni mbichi, na bado akautwisha lori zima fundi akiwa ndani, mimi siandiki uzembe. Naandika jaribio la kuua. Koplo, mlete dereva."

Dereva aliletwa, akasimama kando ya ukuta, macho chini.

"Wewe humjui kwa sura," Inspekta alimwambia. "Sauti je?"

"Nikiisikia naijua."

Mtu aliyekuwa akiongea tangu alipoingia sasa alikuwa kimya kabisa. Alikunja ramani. Akaikunjua. Inspekta alimsubiri kwa utulivu, kisha akamgeukia Koplo.

"Amesema mara ngapi kwamba alijua?"

"Tatu, afande. Zote nimeziandika."

"Basi peleka hivyohivyo. Jaribio la kuua."

"Sikujua!" Shemeji aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mungu ni shahidi yangu, sikujua kama ameuziba! Nani angenijulisha? Kanifukuza kiwanjani kwa ndugu yangu wa tumbo moja, hata uchochoro ule sikanyagi tena! Nilijua mlango upo, upo kwenye ramani, hii hapa!"

"Ndiye," alisema dereva. "Sauti ndiyo hiyo."

Koplo aliacha kuandika. Shemeji aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akakaa kwenye matofali na ramani ikamteleza miguuni.

"Ulikuwa msaada," alisema.

"Msaada haupiti uchochoroni alfajiri," alijibu Mama Pacha.

"Ungeupokea mchana? Umerudisha saruji! Umerudisha nondo mbele ya watu wote! Nilisema ukikuta mchanga ndani utafanya nini, utautoa kwa kijiko? Utautumia. Utaingia ukutani, hata kama ni plasta tu. Yule alikuwa mdogo wangu. Nilitaka na mimi niwe na kitu changu ndani ya nyumba yake."

Maneno yale yalimfika Mama Pacha, na hakujaribu kuficha kwamba yamemfika.

"Na mimi ningelala ndani wakati wewe unajua mchanga ni wako," alisema. "Ukaenda kituoni ukaandikisha kwamba ulinionya."

Shemeji alisogea karibu yake, akashusha sauti. "Tuyamalize kifamilia. Dereva alikosea njia, basi. Nani hakosei? Mimi nitamtibu fundi mpaka atembee. Wewe utajenga, mimi nitakusaidia. Afande ni mtu wa kuelewa."

Dereva alinyanyua macho aliposikia kosa lote linahamia kwake, kisha akayashusha tena. Alizoea kubebeshwa.

Inspekta hakupenda alichotakiwa kusema, ila haki ilikuwa kukisema.

"Mama Pacha, kesi ya uzembe dhidi yako imekufa hapa hapa, vyovyote utakavyoamua. Lakini usikie yote. Mkiyamaliza, Mkuu wangu atafurahi, manispaa watafuta X yao, na kesho unaweza kuita mafundi. Ukisema iende mahakamani, saiti hii inakuwa ushahidi. Haiguswi, haijengwi, mpaka kesi iishe. Na kesi zetu unazijua."

"Wanangu wanafunga shule karibuni," alisema Mama Pacha. "Nyumba ya kupanga nimesharudisha funguo."

"Ndiyo maana nakwambia," shemeji alidakia. "Mvua hiyo inakuja. Utanyeshewa humu, wewe na watoto."

Mama Pacha alisimama. Alikwenda hadi kwenye pengo la chumba cha wanawe, akausukuma mchanga mwekundu kwa ncha ya kiatu mpaka ukarudi upande wa pili wa ukuta. Kisha akageuka.

"Mke wa Fundi Timazi analala sakafuni hospitali," alisema. "Nimwambie ukoo umekaa, umemaliza? Na huyu baba wa watu niliyemwona leo, abebe kosa la mtu mwenye duka?" Alimtazama shemeji yake usoni. "Tutanyeshewa, shemeji. Tutanyeshewa kwetu. Andika, afande."

Inspekta alimpa Koplo ishara. Koplo aligeuza ukurasa, akaanza kuandika.